Siku nne za kipupwe mjini: mwalimu wa Wete na mkewe wafikie wapi, waone nini, wale nini

SWALI

Assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Wete, mke wangu ni fundi cherehani. Mwaka huu tunatimiza miaka kumi na tano ya ndoa. Mke wangu ameshafika Unguja mara nne: mara mbili kumuuguza mama yake, mara moja msibani, mara moja harusini. Mji hajauona. Skuli zikifungwa katikati ya mwaka nataka nimpeleke siku nne, watoto wabaki kwa bibi yao. Yeye anataka maduka, mimi nataka majumba ya kale, na sote tunataka kula vizuri. Nauli tumeiweka mbali. Kwa mengine yote nina laki nane. Ami yangu yupo Magomeni na anatarajia tufikie kwake. Watu wananambia Mji Mkongwe ni wa watalii, sisi tutakwenda kupigwa bei tu. Unatushauri nini?

JIBU

Waalaikumu salaam, kaka yangu, na hongera kwa miaka kumi na tano. Umeuliza mengi, lakini naanza na la ami yako, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua kama mtapumzika au mtakwenda kuzuru ukoo. Msifikie Magomeni. Fikieni ndani ya Mji Mkongwe wenyewe usiku tatu, halafu usiku wa nne nendeni mkalale kwa ami.

Nimetembeza wageni katika vichochoro hivi zaidi ya miaka ishirini, na watu ninaowaona kwa uchache kabisa ni ndugu zetu wa Pemba. Si kwamba hawaji. Boti zinajaa. Lakini wanakuja kuuguza, wanakuja kufuatilia makaratasi, wanakuja kuzika, na wote wanashuka bandarini Malindi, wanapakia mizigo kwenye gari, haooo Amani, Magomeni, Mwanakwerekwe, na kurudi kwao ni kwa njia ile ile. Wifi yangu amekuja mara nne na mji hajauona. Nawajua waliokuja mara arubaini na hawajauona.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilipoolewa, mume wangu alinichukua Mombasa siku tano, tukafikia kwa shangazi yake Majengo. Shangazi alitupokea kwa mikono miwili. Asubuhi chai haikuisha mpaka saa nne. Mchana haiwezekani kutoka bila ya kula, na akishapika yule mama hakutoki mtu. Alasiri jamaa wanakuja kumtazama bibi harusi. Usiku mimi nikalala na shangazi, mume wangu akalala ukumbini na vijana. Ngome Yesu niliiona dirishani mwa gari siku tunayorudi. Simlaumu hata chembe, alitupa kila alichokuwa nacho, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini ile safari mimi na mume wangu hatukuwa pamoja hata saa nzima.

Kwa hivyo mpigie ami simu wiki mbili kabla, usingoje akusikie kwa watu. Mwambie hivi: "Ami, tunakuja. Alhamisi mpaka Jumapili asubuhi tuna mambo yetu mjini, Jumapili mchana tunakuja kwako kula na kulala, Jumatatu tunarudi." Umempa siku, umempa chakula cha kupika, umempa usiku wa kuzungumza. Na mchukulie halua ya Wete, maana huku Unguja anayetoka Pemba mikono mitupu huulizwa halua yetu iko wapi. Mkubwa mwenye busara atafahamu, na kama atanuna kidogo, Jumapili kwenye sinia atakuwa ameshasahau.

Safari yenyewe mnaijua kuliko mimi, ila mkumbuke kwamba mwezi wa sita mpaka wa nane ndio wakati wa upepo wa kusi. Kwa nchi kavu ni msimu mzuri kuliko wote: masika yamekwisha, mchana joto linafika nyuzi 28 hivi, usiku linashuka kwenye 22, unaweza kutembea mji mzima bila ya kurowa jasho. Kwa baharini ni hadithi nyengine, na mkondo wa Nungwi wakati wa kusi unatikisa hata waliozaliwa kwenye ngalawa. Kama wifi bahari inamsumbua, mfikirie kumrusha kwa ndege japo kwenda tu. Kutoka Chake ni kama nusu saa. Siku ya kwanza ya mapumziko haifai kuanza na mtu kulala chali na ndimu puani.

Sasa malazi. Ukitaka utulivu na kila kitu kiwe karibu kwa miguu, tafuteni nyumba ya wageni Kiponda, Hurumzi au Mkunazini. Malindi ni karibu na boti lakini bandari inaamka mapema sana. Shangani ni kuzuri, na bei yake ni ya wenye bahari mlangoni. Katika laki nane zako tenga laki tatu na nusu kwa usiku tatu na usizidishe. Julai na Agosti wageni wa nje wanajaa na bei zinapanda, kwa hivyo mkiweza mje Juni. Unapopiga simu, kabla hujatajiwa bei sema kwamba nyinyi ni Wazanzibari wakaazi, na uliza bei ya wakaazi. Sehemu nyingi zinayo, lakini hawaitaji mpaka uulize. Chukueni vitambulisho vyenu vya Mzanzibari mkaazi, vitawafaa hata kwenye viingilio, na nakala ya cheti cha ndoa, kwani nyumba nyengine zinamtaka mtu na mkewe waonyeshe. Msione vibaya, ni utaratibu wao, na kukitoa cheti kwenye mkoba ni rahisi kuliko kubishana saa mbili za usiku.

Jambo moja zaidi la chumba: ombeni cha juu, si cha chini. Majumba haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zinanyonya maji, na baada ya masika vyumba vya chini vinanuka unyevu mpaka Julai huko. Vya juu vimeshakauka. Na nyumba nyingi huandalia chai juu ya paa. Mkae pale asubuhi, mbele yenu mapaa ya mabati yenye kutu, minara ya misikiti, kanisa na bahari, na msikie mji unavyoanza: mabakuli, redio, mtu anamwita mwanawe aende chuoni. Hapo mtakuwa mmeshaanza kuona mji kabla hamjatoka nje.

Kuhusu hilo la kwamba mji ni wa watalii, kaka yangu, hili limenigusa, na nataka umsomee wifi. Mwaka 1872 ilipiga dhoruba iliyong'oa mikarafuu ya Unguja, mashamba yakalala chini. Pemba kwa sehemu kubwa ilinusurika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa ni za Pemba. Sasa tazama tarehe. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ametawala kutoka 1870 mpaka 1888. Beit al-Ajaib, jumba lake lile la nguzo ndefu, limejengwa 1883. Maji ya mfereji yaliletwa mjini enzi hiyo hiyo. Pesa iliyokuwa inapita forodhani wakati ule, sehemu yake kubwa ilinuka karafuu, na waliopanda juu ya mikarafuu wakavunjika mbavu ni mababu wa wifi na mababu zako. Nanyi mtasimama mbele ya nguzo zile mkidhani mmeingia kwa watu?

Mapapasi wale wanaowaandama wageni hawatawasumbua sana. Mkisalimiwa kwa Kiingereza, itikieni kwa Kiswahili, salamu kamili, na muendelee na njia yenu.

Kutembea, nakuomba usifanye orodha. Walimu mna tabia hiyo, mume wangu pia ni mwalimu. Mji huu una nyakati mbili nzuri: asubuhi kabla ya saa tatu, na alasiri mpaka magharibi. Katikati hapo mrudi mkapumzike. Alhamisi mkishafika, msifanye kitu mpaka ipigwe alasiri, halafu shukeni taratibu mpaka Forodhani. Mtalikuta Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa, kwa hivyo mlitazame kwa nje na mumsomee fatiha kila aliyefanya kazi mle. Hilo ndilo jumba lililokuwa la mwanzo kuwa na umeme hapa kwetu. Mbele yake tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga chini ya saa moja, na vita vyao na Sultani Khalid vikawa vimekwisha. Jumba la pembeni yake, Beit al-Hukm, halikusimama tena. Ubavuni mwa Beit al-Ajaib ni Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kumtoa Mreno, mahali palipokuwa na kanisa lake. Ingieni uwani, mkae kwenye majani.

Halafu kaeni ukutani, baharini. Jua Juni na Julai linazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Wakati huo vijana wanakimbia kutoka mbali, wanaruka ukuta, wanajipindua hewani na kuingia majini, na kila anayeibuka anatazama juu kuona nani alimtazama. Mpigieni makofi. Mwambie wifi habari ya Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844 na mwaka 1866 akaondoka usiku kwa meli kwa sababu ya Mjerumani aliyempenda. Aliondokea bahari hii. Ni kisa cha kumsimulia mke mkiwa mmekaa ukutani, si cha darasani.

Ijumaa asubuhi nendeni Mkunazini, na hapa msiwe na haraka. Lilikuwa soko la watumwa. Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga tarehe 5 Juni 1873, na mwaka ule ule kanisa la Waanglikana likaanza kujengwa juu ya mahali pale. Msione uzito kuingia, ni mahali pa kumbukumbu na watu wa dini zote wanaingia. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia na ambaye alikishughulikia sana Kiswahili, alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Tazameni nguzo za upande wa mlangoni: zimesimamishwa kichwa chini, na husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo Askofu alipokuwa safarini, naye akaziacha. Upo pia msalaba wa mti uliotoka Chitambo, kule Zambia, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Nje kuna sanamu alizochonga Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998: watu watano wamesimama shimoni, shingoni minyororo. Na kuna vyumba viwili vya chini, dari fupi mpaka mtu mzima anainama, ambavyo wageni huelezwa kuwa watumwa walifungiwa humo kungoja mnada. Nimeingia mara nyingi kiasi cha kutohesabika, na bado nikitoka huhitaji dakika chache za kukaa kimya. Mpeni nafasi hiyo kila mmoja wenu. Msitoke pale mkaenda moja kwa moja dukani.

Ijumaa maduka mengi hufungwa kabla ya sala, kwa hivyo ni siku nzuri ya kutonunua. Baada ya sala kuleni, laleni, na alasiri tembeeni milango. Hapa nitawapa jambo la kufanya pamoja. Milango ya Mji Mkongwe ina koo mbili kubwa: wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa Kiarabu, wenye upinde juu ni wa Kihindi, na misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka imetoka huko huko India. Simameni mbele ya mlango mmoja tu, mzuri, robo saa nzima. Tazameni kando: mara nyingi mtaona mnyororo umechongwa kuuzunguka fremu, maana yake nyumba imefungwa na haina shari. Chini kuna samaki, au mawimbi. Juu kuna yungiyungi, au majani ya mtende. Juu kabisa pengine ipo aya ya Qur'ani au mwaka. Halafu pitisha mkono kwenye mfaa, ile nguzo ya katikati, uone palivyosagika kwa mikono ya watu miaka mia na zaidi. Wifi ni fundi. Ataona mstari wa mchongaji kama anavyouona mstari wa sindano. Kisha potelea vichochoroni. Kuna mtaa unaitwa Kajificheni, na mkipotea hapo jina limeshawajibu.

Mkichoka, Sokomuhogo, pale panapoitwa Jaws Corner, pana baraza na kahawa. Wanaume wamejaa, wanacheza dhumna na kubishana siasa, lakini mkeo akikaa pembeni yako na buibui lake hakuna atakayemsemesha ila kwa heshima. Kahawa chungu kwa kikombe kidogo, kashata pembeni. Nyinyi mnaita gahawa. Semeni hivyo hivyo, muuzaji atajua mmetoka wapi na mazungumzo yataanza yenyewe.

Jumamosi ni siku ya wifi. Laki mbili katika zile nane mpe mkononi mwake siku ya kwanza mnapofika, usingoje Jumamosi, na usimuulize amenunua nini kwa bei gani. Kaka yangu, hili si dogo. Mwanamke aliyeshona nguo za watu miaka yote anajua thamani ya shilingi. Mwache atembee na yake bila ya kuomba ruhusa dukani mbele ya muuzaji.

Anzeni Darajani mapema. Jengo la soko ni la 1904, na jina limetokana na daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ule mkono umeshafukiwa, na barabara ya Benjamin Mkapa inapita pale. Tazameni mnada wa samaki kwa dakika chache, halafu ingieni Mchangani, na mkitaka zaidi mvuke mwende Mlandege. Huko ndiko zilipo kanga, lesi, satini, vitambaa vya mabuibui, na maduka ya nyuzi, zipu na vifungo ambayo fundi akiingia anasahau kula. Vifaa vya ushonaji anunue kwa jumla, atavirudisha kazini mwake.

Kanga nitaisemea kidogo ingawa namfundisha fundi. Doti ikunjueni yote, msinunue ikiwa imekunjwa. Tazama pindo kama limelingana pande zote nne, na jina kama limekaa sawa ndani ya mji, ile sehemu ya kati ya kanga, au limepanda upande mmoja. Likipanda, siku ya kukata doti, kanga moja itatoka na maneno yamegusa pindo. Sugua kitambaa baina ya viganja: kikitoa unga mweupe, uzito ule ni wa wanga, ukifua mara mbili unabaki na chachi. Inyanyueni kwenye mwanga muone ufumaji. Na hasa kwa nyekundu na nyeusi, loweka pembe ya leso nyeupe, ifikiche pale kwenye rangi, itazame. Niliwahi kununua doti sita za sare ya harusi ya mdogo wangu bila ya kufanya hivyo, kwa sababu muuzaji alikuwa na haraka na mimi nikamuonea haya. Fuo la mwanzo, ndoo nzima ikawa kama maji ya bizari, na shuka ya mama yangu ikaharibika humo humo. Tangu siku hiyo huwa natembea na leso.

Wewe wakati huo usisimame mlangoni kutazama saa. Tafuta baraza, mwambie uko wapi, na umngoje.

Vitu vya kutonunua: viungo, halua na karafuu. Wageni wanapelekwa mashamba ya viungo nusu siku na wanafurahi, ni haki yao, lakini mtu wa Wete kulipa ili aonyeshwe mkarafuu, hapana. Kofia ukiitaka, ya kushonwa kwa mkono wanayo mafundi wa kwenu Pemba. Zile za mtaa wa Gizenga zilizorundikwa nyingi ni za mashine, geuza ndani utaona. Picha za Tingatinga ni nzuri, ila asili yake ni Dar es Salaam, kama mnataka kumbukumbu ya Unguja tafuteni kitu chengine. Ningemshauri wifi anunue udi mzuri kidogo, badala ya mwingi wa bei rahisi, na aunusie kwenye kaa la moto kabla ya kulipa. Pale Gizenga bei ya mwanzo ni ya mgeni. Salimieni vizuri, ulizeni hali, halafu ndipo muulize bei.

Sasa chakula, na hapa nina laki mbili na nusu zilizobaki, pamoja na viingilio.

Urojo muule mchana, si usiku, na muule mtaani ambako wanafunzi na wafanyakazi wa ofisini wamepanga foleni. Mnao Pemba, najua. Ila kaeni mtazame mikono ya anayepakua. Kwanza supu ya manjano, nzito kwa unga, kali kwa embe mbichi na ndimu. Anatia viazi, anavunja bajia mbili kwa vidole, anatia kachori, mshikaki mmoja unateremshwa kutoka kwenye kijiti kwa kuvutwa, yai nusu, halafu juu kabisa chipsi za muhogo ambazo lazima zibaki kavu, chatini ya nazi, na kijiko cha pilipili anachokiuliza kwa macho tu. Unapokea bakuli huku chipsi bado zinalia. Ukichelewa kula zinalainika na umeshakosa.

Chakula cha mchana cha sahani, wali, samaki wa nazi, mchuzi wa pweza, biriani, nendeni Lukmaan pale Mkunazini karibu na mbuyu. Unachagua kwa kuona, na wenyeji wanakula hapo pamoja na wageni.

Forodhani usiku, bustani ile iliyotengenezwa upya 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, nendeni mara moja, na mwende na akili. Samaki na kamba waliopangwa mezani wanapendeza chini ya taa, lakini muulize kila kitu bei yake kabla hakijaguswa moto, kimoja kimoja, na mhesabu kwa sauti. Mimi huacha vya baharini kwenye meza zilizojaa na hakuna wateja, kwa sababu vimekaa. Chukueni mishkaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na mgawane pizza ya Zanzibar moja: donge la unga linatandazwa mpaka unaona meza chini yake, linajazwa kima, kitunguu na yai, linakunjwa kama bahasha na kutupwa kwenye chuma. Mkae ukutani mle kwa mkono. Sehemu za Shangani za kutazama jua zenye viti vya starehe nyingi zinauza pombe; kama hilo halikupendezeeni, ukuta wa Forodhani hauuzi kitu na jua ni lile lile.

Na usiku mmoja, Jumamosi, tumieni pesa. Kuna hoteli ya Emerson pale Hurumzi, katika jumba lililokuwa la Tharia Topan, tajiri mkubwa wa enzi ya Barghash. Juu ya paa lake mnakaa kwenye mito, viatu mmevua, na chakula kinakuja kidogo kidogo. Ni ghali, nawaambia wazi, na lazima muweke nafasi mapema. Muulize bei na vilivyomo kwenye simu ili msishtuke mezani. Mkiona imezidi, tafuteni paa jengine la nyumba ya wageni, Mji Mkongwe una mapaa mengi na nyota ni zile zile. Lakini fanyeni hivyo. Fundi cherehani wa Wete, aliyepika na kushona miaka kumi na tano, anastahiki usiku mmoja ambao sahani inaletwa na sahani inaondolewa na yeye hajanyanyuka.

Kabla hamjapanda juu, ulizeni kama vikundi vya taarab vina mazoezi. Nadi Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na kuwasikia kwenye mazoezi, wakisimama, wakirudia beti, fidla ikimsubiri mwimbaji, kwangu ni bora kuliko onyesho.

Safari ya kisiwa cha Changuu sikuiweka. Wale kobe waliotoka Shelisheli mwaka 1919 wanapendeza, na gereza lililojengwa 1893 halijawahi kufungiwa mfungwa wa kweli, kwa mwalimu ni habari nzuri. Lakini siku nne ni chache, na bahari mtakuwa nayo ya kutosha kwenda na kurudi. Muiweke kwa watoto, safari nyengine.

Jumapili amkeni, mnywe chai juu mara ya mwisho, mfunge mizigo bila ya haraka na mchukue gari mpaka Magomeni kabla ya adhuhuri, halua mkononi. Na mwambie wifi atie sweta au shali nzito kwenye begi, hata kama wanawe watamcheka kwamba anakwenda Unguja si Ulaya. Upepo wa kusi usiku juu ya paa la Hurumzi unapenya buibui, na sitaki ateremke kabla ya chai ya mwisho haijaletwa.